Miji mitano ya pwani inayofaa kutembelewa na mtu wa bonde la Kilombero

Maji yanayopita chini ya daraja la Kilombero hayaishii Ulanga. Yanashuka mpaka yanakutana na mto Luwegu, hapo jina linabadilika na kuwa Rufiji. Yanapita Bwawa la Julius Nyerere, yanagawanyika katika mikoko ya delta, kisha yanaingia Bahari ya Hindi mbele ya kisiwa cha Mafia, kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Maji ya kwetu yanafika pwani kila siku. Watu wetu wengi wanapofika pwani huishia Dar es Salaam tu, kwa ndugu, kwa matibabu au kwa biashara ya mchele, kisha hurudi.

Makala hii inaeleza miji mitano midogo ya pwani ya Tanzania Bara ambayo mtu anaweza kuitembelea kwa nauli ya basi, bila kuwa mtalii mwenye dola. Ni Bagamoyo, Pangani, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko pamoja na kisiwa chake cha Kisiwani, na Mikindani. Yote ina majengo ya kale, bahari na chakula kizuri. Jambo jingine linaloiunganisha ni kwamba karibu yote iliwahi kuwa mikubwa, halafu reli, bandari mpya au makao ya serikali yakahamia kwingine. Sisi tulioona maisha ya Kivukoni yakibadilika baada ya daraja kufunguliwa mwaka 2018 na pantoni kupumzika tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Bagamoyo: mwisho wa njia ya misafara

Bagamoyo iko kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Mtu anayetoka Ifakara halazimiki kuingia Dar. Ukifika Chalinze unaweza kushika barabara ya kwenda Msata, na kutoka Msata kuna lami hadi Bagamoyo. Ukiwa Dar tayari, daladala za Bagamoyo zinapatikana upande wa Makumbusho.

Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilikuja mabegani mwa wapagazi, na watu waliotekwa walikuja wakiwa wamefungwa. Wengi wanasema jina la mji linatokana na maneno "bwaga moyo". Wengine hulieleza kuwa ni kupumzika kwa mpagazi aliyefika salama, wengine kuwa ni kukata tamaa kwa mtumwa aliyejua kwamba hataiona tena nchi yake.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Misheni hiyo ipo mpaka leo na ina makumbusho. Katika eneo lake ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili huo kwa miguu kwa miezi mingi hadi baharini. Majina yao yanastahili kukumbukwa sawa na la aliyebebwa.

Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu kuanzia 1888, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam kwa sababu bandari yake ina kina kirefu. Mji ukabaki na Boma, Ngome Kongwe na nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa. Kilomita kama tano kusini kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Bagamoyo ndipo pia ilipo TaSUBa, taasisi ya serikali inayofundisha ngoma, muziki, maigizo na uchoraji.

Pangani: mji wa mto na kivuko

Pangani iko Mkoa wa Tanga, mahali mto Pangani unapoingia baharini. Kutoka kwetu njia ni Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza hadi Tanga, halafu unashuka kusini kilomita kama 50.

Mji umekaa ukingo wa kaskazini, na ng'ambo kuna Bweni. Kwa miaka mingi wakazi wamevuka kwa pantoni na mitumbwi, na mtu wa Kivukoni akisimama pale gatini atajiona yuko nyumbani: wanawake wenye vikapu, baiskeli, mbuzi, na watu wanaokimbia ili pantoni isiwaache. Tofauti ni kwamba maji ya pale yanafuata bahari. Bahari ikijaa mto unarudi nyuma, ikipwa mto unakimbia.

Pangani ndiko vita vya kupinga Wajerumani vilikoanzia mwaka 1888, vikiongozwa na Abushiri bin Salim. Alikamatwa na kunyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Baadaye, mwaka 1893, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, na mizigo iliyokuwa ikishuka Pangani ikaelekea Tanga. Mji uliendelea na nazi, mkonge na uvuvi. Kati ya Tanga na Pangani yapo magofu ya Tongoni, yenye makaburi mengi ya kale, na upande wa kusini wa mto kuna fukwe tulivu za Ushongo na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako wanyamapori hufika mpaka ufukweni.

Kilwa Kivinje: mji unaotuhusu sisi

Kwa msikilizaji wa bonde letu huu ndio mji wenye uzito kuliko yote katika orodha hii. Kutoka Dar unapanda mabasi ya kusini yanayoanzia upande wa Mbagala, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, na baada ya kilomita zinazokaribia 300 unashuka Nangurukuru. Kivinje iko karibu na hapo.

Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kuu ya misafara ya kusini. Watu waliotekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na maeneo ya kati waliletwa hapa, kisha wakapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja na mbali zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini biashara haikufa siku hiyo. Wafanyabiashara walijaribu kupitisha watu kwa njia ya nchi kavu.

Halafu ikaja Maji Maji. Vita vilianza katika milima ya Matumbi, upande huu wa Kilwa, Julai 1905. Chanzo chake kilikuwa kulazimishwa kulima pamba, kodi na viboko. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti. Hata hivyo moto ulikuwa umekwisha sambaa. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilishambulia boma la Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Makadirio ya idadi ya waliokufa katika vita nzima yanaanzia watu 75,000 na kufika karibu 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa, kwa kuwa jeshi lilichoma vijiji na mashamba kwa makusudi.

Kivinje ilikuwa moja ya sehemu ambako wapiganaji walinyongwa. Mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga pana mnara wa kumbukumbu. Karibu na bahari lipo Boma la Wajerumani na mitaa ya nyumba za mawe, nyingine zimebomoka na miti imeota ndani yake. Wazee wa Mahenge, Ifakara na Malinyi waliosimulia habari za vita walikuwa wakieleza nusu ya hadithi. Nusu nyingine iko hapa. Ukiwa na kijana anayesoma historia sekondari, mlete Kivinje kabla ya kumpeleka penginepo.

Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani: mji wa wafalme

Ukiendelea na barabara ya lami kutoka Nangurukuru unafika Kilwa Masoko, makao ya wilaya. Masoko yenyewe ni mji wa kawaida, wenye soko, gati na nyumba za wageni. Sababu ya kwenda ni kisiwa unachokiona mbele yako.

Kilwa Kisiwani ilitawala biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji. Msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika mwaka 1331 na kuusifu mji huo. Masultani wake walitengeneza sarafu zao za shaba, na mwaka 1944 sarafu chache za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za mawe ya matumbawe bado umesimama. Husuni Kubwa, kasri ya sultani iliyojengwa karne ya 14, ina birika la kuogelea lenye pembe nane linalotazama bahari. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 na kujenga ngome, ambayo baadaye ilijengwa upya na leo inaitwa Gereza.

Kisiwani pamoja na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 viliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu mawimbi na mvua vilikuwa vikila kuta, na mwaka 2014 vikaondolewa katika orodha hiyo baada ya matengenezo. Kabla ya kuvuka pita ofisi ya mambo ya kale iliyoko Masoko upate kibali na kiongozi. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho chako.

Mikindani: ghuba ya kusini

Mikindani iko kilomita kama 10 kabla ya kufika mjini Mtwara. Ni mji mdogo uliozunguka ghuba ya duara. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kwa hiyo mtu aliyetembelea Mikindani na Bagamoyo ameona alipoanza safari akiwa hai na alipoimaliza akiwa maiti.

Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa na kufanywa hoteli, na hata asiyelala hapo anaweza kulitazama. Chini yake kuna mitaa ya nyumba za kale zenye roshani za mbao. Mikindani ilipoteza nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1940, pale Waingereza walipoamua kujenga bandari yenye kina Mtwara kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Nachingwea. Mradi wa karanga ulishindwa, lakini bandari ilibaki Mtwara.

Mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Usafiri. Kutoka Ifakara kuna mabasi ya kupitia Kidatu, Mikumi na Morogoro, na kuna treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam. Ratiba ya treni hubadilika, kwa hiyo uliza kituoni kabla ya kufunga mizigo. Tangu Juni 2024 kuna pia treni ya umeme kati ya Morogoro na Dar.

Majira. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua nyingi na bahari chafu. Kwa mkulima wa mpunga, miezi ya baada ya mavuno ndiyo bora: kazi imepungua, mfuko una kitu, na pwani ina upepo wa kusi usiochosha. Lakini kusi ikivuma kwa nguvu bahari huchafuka, hivyo muulize nahodha kwanza.

Bahari. Panda boti yenye jaketi za kujiokolea na usikubali ijazwe kupita kiasi. Anayejua kuogelea Kilombero asiidharau bahari. Mkondo wa maji yanayopwa humvuta mtu mbali kabla hajatambua.

Adabu. Miji hii ni ya Waislamu wengi. Vaa nguo za kujisitiri, vua viatu unapoambiwa, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Usipande juu ya kuta wala kuokota vigae kwenye magofu, maana kuviondoa ni kosa kisheria. Shikamoo kwa mzee mlangoni itakufungulia habari ambazo hazimo vitabuni.

Chakula. Ulizia samaki wa siku hiyo, pweza, wali wa nazi, na asubuhi mkate wa kumimina kwa chai. Bei hupatana zaidi kwa mama lishe wa sokoni kuliko hotelini.

Mwenye siku tatu na aanze na Bagamoyo. Mwenye siku tano na aende Kilwa, alale Masoko, avuke Kisiwani asubuhi na apite Kivinje wakati wa kurudi. Pale Mwembe Kinyonga asimame kidogo, kwa sababu waliokufa Mahenge walikuwa katika vita hiyohiyo.