Wanafunzi wa Utabibu, wa Kale na wa Leo

Wazee wa jumuiya waliponitaka niandike maneno machache katika kitabu hiki cha ukumbusho, nadhani walitaraji habari za madrasa na misikiti yetu. Hizo wataziandika wenzangu walio hodari kuliko mimi. Mimi nimependelea habari za wanafunzi wa utabibu, kwa kuwa nina deni katika jambo hili, nalo nitalitaja mbele.

Zamani mtu aliweza kujiita tabibu kwa sababu tu babake alikuwa tabibu, au kwa uzuri wa kilemba chake. Katika mwaka wa 319 wa Hijra, yaani 931, mtu mmoja alikufa mjini Baghdad kwa kosa la tabibu. Habari zikamfikia Khalifa al-Muqtadir, akaamrisha kuwa asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa walizidi 860, mbali na wale ambao ujuzi wao ulikwisha julikana.

Ibn al-Qifti ahadithia kuwa alikuja mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba kubwa. Sinan alimstahi, akamwuliza amesoma kwa nani. Mzee akatoa dinari, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika, ila ana watu wa kulisha, akaomba asikatiwe riziki yake. Sinan akacheka, akamwachia kwa sharti kuwa asiguse ugonjwa asioujua. Siku ya pili akaja kijana, naye alipoulizwa mwalimu wake akasema kuwa ni babake, yule mzee wa jana! Twacheka nasi, lakini tusisahau kuwa mtihani ule ulianza kwa sababu ya maiti.

Baada ya hapo utabibu ulizidi kupata nidhamu. Nur al-Din alipojenga hospitali yake mjini Damascus, karne ya sita ya Hijra, aliiwekea na vitabu vya wakfu. Mwalimu alipita kwa wagonjwa mmoja mmoja, kisha akaketi katika ukumbi mkubwa, wanafunzi na matabibu wakamzunguka, wakasoma na kujadiliana kwa muda wa saa tatu. Basi mwanafunzi alijifunza kwa macho kitandani, na kwa masikio ukumbini.

Miongoni mwa walimu wa mji huo alikuwa Muhadhab al-Din al-Dakhwar. Huyu alinakili vitabu vingi kwa mkono wake mwenyewe. Alipotoka hospitali alirudi nyumbani, wanafunzi wakaja makundi makundi kumsomea, naye akishika nakala yake ili asahihishe makosa yao. Kabla ya kufariki, katika mwaka wa 628, yaani 1230, aliitoa nyumba yake kuwa wakfu, iwe madrasa ya utabibu, na akaiwekea mali ya kuwalipa walimu na kuwakimu wanafunzi. Katika waliosoma kwake yumo Ibn al-Nafis, ambaye alieleza jinsi damu ipitavyo mapafuni kabla ya kurudi moyoni, karne tatu kabla ya watu wa Ulaya. Naye alipofariki mjini Cairo katika mwaka wa 1288, aliiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Tazameni basi, mwalimu alitoa nyumba, na mwanafunzi akatoa nyumba.

Hapa kwetu Afrika Mashariki habari ni za karibu zaidi. Daktari Albert Cook, mmisionari wa Kiingereza, alifika Uganda katika mwaka wa 1897. Mafunzo ya utabibu katika chuo cha Makerere, pamoja na hospitali ya Mulago, yalianza katika miaka ya 1920. Walikuja vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Walisoma miaka mingi, lakini cheti chao hakikuhesabiwa sawa na cha daktari wa Uingereza mpaka mwaka wa 1957, baraza la madaktari la nchi hiyo lilipokikubali. Kabla ya hapo wengi walifanya kazi ya daktari kwa cheo cha msaidizi. Walisubiri, nasi leo twala matunda ya subira yao.

Waislamu miongoni mwao walikuwa wachache. Shule nyingi za sekondari zilikuwa za misheni, na wazee wetu walichelea dini ya watoto wao. Siwalaumu. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki katika mwaka wa 1111, aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi ya kifaya, akawasikitikia watu wa zama zake waliosongamana katika fiq-hi na kuacha miji bila tabibu Mwislamu.

Sasa nitaje deni langu. Yapata miaka ishirini, mzee mmoja wa mtaani alinijia kuniuliza shauri. Binti yake alikuwa amefaulu, amepata nafasi ya kusomea udaktari. Nikamjibu kuwa miaka mitano ni mingi kwa mtoto wa kike, bora aolewe kwanza. Mzee yule alinisikia. Miaka michache baadaye mke wangu alishikwa na uchungu usiku, akatamani daktari mwanamke, asipatikane. Alihudumiwa vema na daktari mwanamume, Alhamdulillahi. Lakini nilipokuwa nikingoja nje, binti yule hakunitoka moyoni. Ningesema neno jingine, huenda angekuwa ndani ya chumba kile.

Kwa hiyo mzazi ajapo leo kunilalamikia kuwa mwanawe hamalizi kusoma, mimi humweleza taratibu. Shahada ya kwanza ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi. Atakaye kuwa daktari bingwa, wa watoto, wa upasuaji au wa uzazi, huongeza miaka mitatu au zaidi. Humo hulala zamu wodini usiku, hushika kitabu mchana, na wengi hujilipia ada ilhali wenzao wameshafungua zahanati na kujenga nyumba. Mwingine huingia maabara kutafuta asili ya maradhi, na mwingine hubaki chuoni kufundisha. Njia zote hizo ni za kheri, na kila moja ina taabu yake. Kijana huyo hapotezi wakati wake.

Ndugu zangu, sherehe hii itapita, na vyakula vitaliwa. Rai yangu ni kuwa jumuiya itenge nyumba moja tu ya kupangisha, iwe wakfu, na kodi yake imkimu mwanafunzi mmoja wa utabibu, mvulana au msichana, mpaka amalize, kisha afuate mwingine. Al-Dakhwar alikuwa mtu mmoja na nyumba moja. Sisi tu wengi. Mimi nimeanza kwa kutoa kidogo nilichojaaliwa, kwa nia ya kulipa deni la binti yule.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awazidishie ilimu watoto wetu. Amin.