Selimundu: Maana ya AA, AS na SS katika kipimo cha damu

Mzazi anapotoka maabara na karatasi iliyoandikwa AS au SS, mara nyingi huondoka na hofu badala ya maarifa. Herufi hizo hueleza hali ya damu kuhusiana na selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli. Asiyezielewa huweza kumwita mgonjwa mtu aliye mzima, au akamchelewesha mtoto anayehitaji matibabu.

Jeni ni sehemu ya DNA inayobeba maagizo ya kuunda kitu fulani mwilini. DNA nayo hukunjwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Jeni inayohusika na selimundu huwa na nakala mbili: moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama.

Jeni hiyo huagiza kuundwa kwa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Herufi A ni nakala ya kawaida. S ni nakala iliyobadilika mahali pamoja tu. Mwenye AA hana jeni ya selimundu. Mwenye AS ni mbebaji: ana nakala moja iliyobadilika, lakini si mgonjwa. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Kwa mgonjwa, chembe za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Aidha, hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, ilhali iliyojikunja huishi kati ya siku 10 na 20. Ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa na damu na macho yake huweza kuwa ya manjano.

Jeni hii ilienea kwa sababu ya malaria. Mwaka wa 1954, Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wabebaji wa AS wana kinga dhidi ya malaria. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Pare-Taveta, ambapo nyumba za Taveta na za Upare, ng'ambo ya mpaka, zilipuliziwa dawa ya kuua mbu hadi 1959. Palipokuwa na malaria nyingi, watoto wa AS walinusurika zaidi, wakakua na kuirithisha jeni hiyo. Voi, mji wa njia panda, una wakazi wenye asili ya Pwani na ya kandokando ya Ziwa Victoria, maeneo ambako jeni hiyo hupatikana kwa wingi nchini.

Kinga hiyo lakini si ya mwenye SS. Kwake malaria ni hatari kubwa, na chandarua ni sehemu ya matibabu.

Wazazi wawili wenye AS wakipata mimba, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni 1 kwa 4, kuwa AS ni 2 kwa 4, na kuwa AA ni 1 kwa 4. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba, kama sarafu inayorushwa tena bila kukumbuka ilivyoanguka awali. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kuwa watatu wanaofuata watakuwa salama. Wala hakuna haki ya kumlaumu mama peke yake: mtoto wa SS amepokea S moja kutoka kwa kila mzazi.

Kuna kipimo chepesi kinachoonyesha tu kwamba chembe hujikunja. Hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni elektroforesisi, kipimo kinachozitenganisha aina za himoglobini kwa nguvu za umeme. Aliyepewa jibu la kipimo cha kwanza anafaa kuuliza kuhusu cha pili kabla ya kukata shauri lolote la ndoa au uzazi.

Mtoto anayegunduliwa mapema hupewa penisilini ya kumkinga na maambukizi, asidi ya foliki ya kusaidia kuunda damu, na dawa ya kuzuia malaria. Haidroksiyurea nayo hupunguza vipindi vya maumivu. Anapopata homa, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Kwake kungoja hadi kesho huweza kugharimu maisha.