Programu Umeiweka Mwenyewe, Mbona Yagoma Kufunguka?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Mombasa alinijia majuzi na laptopu yake yenye Ubuntu. "Ami, nisaidie kuifuta nianze upya." Ndani mlikuwa na video za mahojiano na nyanya yake, na hakuwa na nakala nyingine. Nikamwambia, "Ngoja kwanza mwanangu, ina nini?"

Alikuwa ameshusha msimbo wa FFmpeg, programu ya kukata na kugeuza video, akaujenga mwenyewe kwa chaguo la --enable-shared, kisha "sudo make install". Kazi ikaisha bila kosa. Alipoifungua, ikamjibu kwamba faili libavdevice.so.61 halionekani.

Mafaili ya aina hii ni maktaba za pamoja: msimbo unaoazimwa na programu nyingi badala ya kila moja kubeba wake. Faili lenyewe lilikuwepo, ndani ya /usr/local/lib. Lakini Linux haipekui diski nzima programu inapoanza. Hutazama orodha iliyoandaliwa mapema, /etc/ld.so.cache, na orodha yake ilikuwa ya kabla ya FFmpeg mpya.

Ukifikwa na hili, anza na:

ldd $(which ffmpeg)

Kila mstari wenye "not found" ni maktaba isiyoonekana. Itafute:

find /usr/local -name "libavdevice*"

Ikiwa ndani ya /usr/local/lib, kwenye Ubuntu "sudo ldconfig" hutosha, maana huiandika orodha upya. Ikiwa folda nyingine, andika njia ya folda hiyo katika faili jipya linaloishia .conf ndani ya /etc/ld.so.conf.d, ndipo uendeshe ldconfig. LD_LIBRARY_PATH mimi huitumia kwa majaribio tu. Ukifunga terminali, imekwenda.

Kilichonitisha ni ushauri aliopewa na rafikiye: achukue libavdevice.so.58 ya FFmpeg ya zamani, aibandike jina la 61. Hasha! Nambari ile si pambo. Ikipanda, maana yake maktaba imebadilika kiasi cha kutoafikiana na ya awali. Mara nyingi programu itakataa kufunguka. Ikifunguka, huenda ikaanguka katikati ya kazi, au ikaharibu video bila kulalamika.

Tulianza kwa kunakili mahojiano kwenye diski ya nje. Kisha ldconfig, na FFmpeg ikafunguka.