Kutoka Mashimo ya Rubaya hadi Mkono wa Mgonjwa

Mchimbaji wa Rubaya, wilayani Masisi, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, huosha udongo kwenye mfereji hadi zibaki chembe nyeusi nzito. Hiyo ndiyo koltani. Ndani yake mna tantali, metali ambayo viwanda hutengenezea kapasita, vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyomo kwenye simu, vifaa vya kusaidia kusikia na mashine za kurekebisha mapigo ya moyo. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka kwenye vilima hivi. Upande wa magharibi, kwenye msitu wa Walikale, kuna Bisie, na huko utajiri ni kasiterite, mawe ya bati. Bati ndilo hulehemu karibu kila bodi ya elektroniki, zikiwemo zile za saa maalumu ambazo wagonjwa wa Parkinson wa Australia, Uingereza na Marekani hufungwa mkononi ili mitetemo yao ihesabiwe usiku na mchana.

Hakuna awezaye kuapa kwamba chembe fulani ya Bisie imo ndani ya saa fulani ya Melbourne. Bati likishayeyushwa halina kabila tena. Hata hivyo, historia ya kuusoma ugonjwa huu imepita migodini zaidi ya mara moja, na inafaa kusimuliwa kutokea Kivu ya Kaskazini.

Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, alichapisha kijitabu kuhusu watu sita wenye mikono inayotetemeka ikiwa imetulia, mgongo unaoinama na hatua fupi za haraka. Baadhi yao aliwaona barabarani tu, wakipita. Chombo chake kilikuwa macho. Miaka mingi baadaye, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, Jean-Martin Charcot aliupa ugonjwa jina la Parkinson, naye macho hayakumtosha. Alichukua kifaa cha Étienne-Jules Marey, kilichobuniwa kuchora mapigo ya mshipa, akakifunga kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa ili mtetemo ujichore wenyewe kwenye karatasi. Aliwahi pia kuwavika wagonjwa unyoya kichwani, wanafunzi waone kama kichwa kinatetemeka chenyewe au kinatikiswa na mwili. Kwa hiyo wazo la kumfunga mgonjwa kifaa mkononi lina umri wa zaidi ya karne moja. Kilichokosekana ni kifaa ambacho mtu angeweza kutembea nacho hadi nyumbani.

Dawa nayo ilichelewa, na hapa ndipo wachimbaji wanapoingia. George Cotzias, mtafiti wa maabara ya Brookhaven jimboni New York, alikuwa akiwachunguza wachimbaji wa manganizi nchini Chile. Vumbi la madini hayo, likivutwa kwa miaka, huharibu sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo, na mtu hukakamaa na kutembea kwa namna inayofanana sana na Parkinson. Nisieleweke vibaya: sisemi koltani huleta ugonjwa huu. Nasema ni mateso ya wachimbaji yaliyomfikisha Cotzias kwenye swali la dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaonyesha kwamba levodopa, ikianza kidogo kidogo na kupandishwa hadi dozi kubwa, humnyanyua mgonjwa aliyekuwa amekakamaa. Hadi leo hiyo ndiyo dawa kuu.

Levodopa ilileta tatizo jipya. Baada ya miaka kadhaa nguvu ya kidonge huanza kupanda na kushuka. Saa tatu asubuhi mgonjwa anatembea vizuri, saa tano ameganda, saa nane viungo vinacheza ovyo kwa sababu dawa imezidi. Daktari anamwona kwa dakika chache kila baada ya miezi kadhaa, na ni bahati tu atamkuta katika hali ipi. Mgonjwa akiambiwa aandike shajara, anasahau, au mkono wenyewe haushiki kalamu. Vipimo rasmi vya kupanga alama, vilivyoenea tangu 1987, bado vilitegemea jicho la daktari.

Ufumbuzi ulitoka kwenye magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Analog Devices ya Marekani ilitoa kipima mchapuko kilichochongwa kwenye silikoni, kwa ajili ya kufyatua mifuko ya hewa gari linapogonga. Ndani yake kuna kipande kidogo mno kinachoning'inia kwenye springi; mwili ukisogea, kipande kinachelewa kidogo, na uchelewaji huo hugeuzwa kuwa umeme, kisha namba. Mtetemo wa Parkinson huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Kifaa kinachoweza kuhisi ajali ya gari hakisumbuki kuhesabu hilo.

Huko Melbourne, Malcolm Horne na wenzake wa Taasisi ya Florey waliunda saa ya PKG. Mgonjwa huivaa kwa siku kadhaa kwenye mkono ulioathirika zaidi. Saa hutikisika kumkumbusha wakati wa kidonge, na mwishoni hutoa mchoro unaoonyesha ni saa ngapi mwili ulikuwa mzito na saa ngapi ulicheza kupita kiasi. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu. Januari 2023 NICE, taasisi ya Uingereza ya kutathmini tiba, ilipendekeza, kwa masharti, vifaa vitano vya aina hii. Mwaka huohuo watafiti wa Cardiff walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya 100,000 waliowahi kuvaa vipima mwendo kwa wiki moja, wakaona kwamba mwendo huanza kupungua kasi miaka kadhaa kabla daktari hajautaja ugonjwa. Saa imefika mahali pa kumjua mgonjwa kabla mgonjwa hajajijua.

Sasa turudi Afrika. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, Tanzania, watafiti wakiwemo Catherine Dotchin, Oneil Msuya na Richard Walker walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071, hesabu ikichukuliwa kufikia tarehe 1 Januari 2006. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Wengine walidhani ni uzee, wengine kurogwa. Mwaka 2010 baadhi ya watafiti hao, pamoja na Lynn Rochester wa Newcastle, walichapisha matokeo ya kuwafundisha wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao hawajawahi kumeza levodopa kutembea kwa kufuata vidokezo vya kupangia hatua. Mwendo ulikuwa bora zaidi, bila kidonge. Rochester ndiye baadaye aliyeongoza Mobilise-D, mradi mkubwa wa Ulaya ulioanza 2019 wa kupima mwendo kwa vifaa vya kuvaliwa. Binafsi naiona kazi ya Hai kuwa ya thamani zaidi kwa mtu wa Walikale kuliko saa yoyote niliyoitaja.

Kwa sababu Walikale ina historia nyingine. Kasiterite ya Bisie ilipoanza kuchimbwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wabebaji waliitoa msituni mgongoni, kilo 50 kwa mzigo, hadi barabarani. Ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kuipeleka Goma. Askari walitoza ushuru njiani. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu na Maniema hadi Machi 2011. Leo Bisie ni mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, uliotoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025 ulifungwa kwa muda waasi wa M23 walipokaribia Walikale mjini, ukafunguliwa tena Aprili. Rubaya wao waliichukua mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani ilikuwa ikiwaingizia angalau dola 800,000 kwa mwezi.

Katikati ya haya, hospitali kuu ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuisaidia mwaka 2007, inapokea majeruhi wa risasi, wajawazito, watoto wenye malaria. Mzee anayetetemeka hafiki, au akifika anasubiri nyuma ya anayevuja damu, na nani amlaumu muuguzi? Kwa utaratibu wa kufuatilia madini, gunia la kasiterite hufungwa lebo yenye namba ili ijulikane lilitoka mgodi gani. Mzee huyo hana hata faili.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuleta saa. Sikubaliani nao, angalau kwa sasa. Mchoro wa saa kazi yake ni kumwambia daktari apandishe, ashushe au asogeze dozi. Pasipo dozi ni pambo. Levodopa pamoja na kabidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na duka la dawa la wilaya ndipo pa kuanzia. Pili, muuguzi wa kituo cha afya afundishwe kutambua dalili, jambo lisilohitaji umeme. Kifaa kije cha tatu, na hata hicho tayari kipo mifukoni: simu janja ina kipima mchapuko cha aina hiyohiyo, na mwaka 2015 utafiti wa mPower wa Marekani ulianza kupima kutembea na kugonga kidole kwa kutumia simu za washiriki wenyewe.

Kwa kampuni zinazouza saa hizi, ombi ni moja: sehemu ya faida ilipie vidonge na mafunzo ya wauguzi katika wilaya ambako bati na tantali huchimbwa. Na wewe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani ambaye mkono wake unatetemeka ukiwa umetulia, anatembea kwa hatua fupi na uso wake umekosa uchangamfu, usimpeleke kwa mganga wa kutoa uchawi. Mpeleke kwenye kituo cha afya, mwambie muuguzi umeona nini na tangu lini, na utaje jina la Parkinson hata kama hakuna aliyekuuliza.