Daftari la Balozi

Bibi yangu hakuwahi kusoma kitabu cha uchumi. Nchi aliijua kupitia daftari la balozi wa nyumba kumi, mtaani kwake Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo ziliandikwa kaya zote: watu wangapi, wametoka wapi, nani mgeni. Jina likiwemo, ulipata sukari na sabuni duka la ushirika. Lisipokuwemo, ulibaki kutazama wenzako wakibeba.

Balozi alikuwa mtu wa chama: TANU, na kuanzia 1977, CCM. Tangu 1965 sheria ilitambua chama kimoja tu Bara na kimoja Zanzibar. Hivyo chama, serikali na duka vilikutana barazani kwa mzee mmoja, aliyesuluhisha pia ugomvi wa wanandoa na kusimamia michango ya msiba.

Azimio la Arusha la 1967 halikuahidi foleni. Liliahidi kujitegemea, na mabenki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma. Kisha mambo yakabana. Bei ya mafuta ilipanda 1973, vyama vikuu vya ushirika wa wakulima vikavunjwa 1976, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata vita na Idi Amin vikaanza. Bidhaa zikaadimika. Watu waliweka jiwe kwenye foleni limshikie mtu nafasi. Mwaka 1983 serikali ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na hata mwenye mfuko mmoja wa sukari uvunguni akalala kwa hofu.

Katika daftari lile kulikuwa na mtoto wa bibi aliyekwisha kufariki. Jina lake halikufutwa. Balozi alihudhuria maziko, alijua vizuri, na kila mgao ulipofika alimhesabu. Lakini jirani wa nyumba ya tatu, aliyewahi kumjibu balozi vibaya mkutanini, aliambiwa mara kwa mara kuwa sukari imekwisha. Mkono uliotusitiri sisi ndio uliomnyima yeye. Bibi alisimulia yote mawili kwa pumzi moja, na hakuwahi kusema lipi lina uzito zaidi.

Mwaka 1984 wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na 1992 vyama vingi vikarudi. Sabuni zikajaa madukani, za kila rangi. Sasa kilichoulizwa ni pesa tu. Jirani wa nyumba ya tatu akanunua sukari bila kumwamkia mtu. Bibi naye akawa anaihesabu sarafu moja moja.

Mwaka jana nilihitaji barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nilijaza fomu, nikagongewa muhuri, nikaondoka. Hakuna aliyenidai fadhila, wala aliyeniuliza kwetu tuko wangapi.