Mtera: Kina cha maji kinavyoamua mgawo wa umeme

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kufika Mtera, bwawa lililopo mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma. Hata hivyo, kwa miaka mingi jina hilo limetajwa saluni, buchani na kwenye mashine za kusaga nafaka kila umeme ulipokatika, likifuatana na namba moja: mita 690 juu ya usawa wa bahari.

Hicho ndicho kina cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kufua umeme bwawani hapo. Bwawa likijaa, maji hufikia mita 698.5. Akiba yote inayotegemewa kuvusha kiangazi imo katika mita hizo nane na nusu.

Mitambo ya Mtera yenyewe ina uwezo wa megawati 80 tu. Uzito wa bwawa hilo unatokana na kazi yake ya pili, ambayo ni kuitunzia maji Kidatu, kituo cha megawati 204 kilichopo chini yake katika mto uleule wa Ruaha Mkuu. Bwawa la Kidatu ni dogo, halina uwezo wa kuweka akiba ya msimu. Maji yanayofunguliwa Mtera hufua umeme hapo, kisha hufua tena Kidatu. Kwa hiyo Mtera ikikauka, megawati zilizo hatarini ni 284.

Mito ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo inayolisha bwawa hilo hutegemea msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Mei. Baada ya hapo kinachotumika ni akiba. Ndiyo maana hatari ya mgawo wa Novemba hupimwa Mei, wakati mwananchi wa kawaida bado anaona matope barabarani.

Kipimo cha Mei kikiwa cha chini, njia iliyo salama ni kuwasha mapema mitambo ya gesi na mafuta, na kuyabakiza maji kwa ajili ya saa za jioni ambapo matumizi hupanda. Mitambo ya maji hufaa kwa kazi hiyo kwa kuwa huwashwa na kuzimwa kwa muda mfupi. Ugumu ni wa fedha. Maji hayanunuliwi, mafuta hununuliwa. Meneja anayechoma mafuta Juni huku bwawa likionekana lina maji huitwa mbadhirifu, na mvua zikiwahi, lawama humwangukia yeye. Zikichelewa, hakuna anayemshukuru, kwa sababu mgawo haukutokea.

Mwaka 2006 ulionyesha gharama ya kuchelewa. Baada ya ukame, kina cha Mtera kilishuka chini ya mita 690 na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Serikali ilitafuta mitambo ya dharura ya megawati 100 kupitia mkataba wa Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati, na mvua za mwisho wa mwaka zilinyesha kabla haijaanza kazi. Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba huo.

Mitambo ya kukodi ina tatizo lingine ambalo halijadiliwi sana. Mwenye mtambo hulipwa ada ya uwezo hata pale mtambo unapokuwa umezimwa. Mkataba wa IPTL, uliotokana na migawo ya miaka ya 1990, ulianza kutoa umeme mwaka 2002, na malipo ya aina hiyo yaliendelea kulielemea Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kwa miaka mingi. Mkataba unaosainiwa gizani huwa na bei ya gizani.

Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, ilipunguza utegemezi huo bila kuuondoa. Mgawo ulirejea mwaka 2011. Oktoba 2015, vituo vya maji vyenye jumla ya megawati 561 vilishuka hadi karibu moja ya tano ya uwezo wake, na Mtera ikazimwa. Mwezi huohuo lilizinduliwa bomba la gesi kutoka Mtwara, linalolisha mitambo ya Kinyerezi.

Pale upungufu unapobaki, kazi ni kuugawa. Ratiba inayotangazwa mapema na kufuatwa humwezesha muuza samaki kujua siku ya kununua barafu, na kiwanda kuhamishia zamu usiku. Hospitali huachwa nje ya mgawo, na mitambo ya kusukuma maji ya Ruvu inastahili hadhi hiyohiyo, kwa kuwa ikikosa umeme, mabomba ya Dar es Salaam hukauka.

Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limebadili hesabu. Mitambo yake tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, ni zaidi ya nusu ya uwezo wote wa nchi. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 nchi ikiwa katika mgawo. Mwezi uliofuata, mvua zikiwa nyingi, umeme ulizidi mahitaji hadi baadhi ya vituo vya maji vikazimwa.

Lakini Ruaha Mkuu humwaga maji katika Rufiji, juu ya bwawa hilo jipya. Kihansi nayo, yenye megawati 180, ipo katika bonde hilohilo. Mvua zikikosekana katika bonde moja, vituo vinne vyenye zaidi ya megawati 2,500 hupungukiwa kwa pamoja. Kina cha chini cha kuzalisha umeme katika Bwawa la Julius Nyerere ni mita 163 juu ya usawa wa bahari. Likijaa, ni mita 184.