Ufunguo wa Sanduku: Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki na Kuzaliwa kwa Benki Kuu

Majina ya fedha katika Kiswahili ni kumbukumbu ya tawala zilizopita. Rupia ilitoka Bara Hindi; hela ni Heller ya Wajerumani, iliyotumika katika koloni lao la Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja; shilingi ililetwa na Waingereza. Kila jina liliingia pamoja na mwenye amri yake. Lakini mwenye amri hakuchagua sura ya sarafu tu, bali pia aliamua wingi wake na thamani yake, na hilo ndilo lililowagusa watu zaidi.

Mwaka 1905 rupia ilithibitishwa kuwa fedha halali katika nchi iitwayo leo Kenya na katika Uganda, rupia 15 kwa pauni moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia, iliyofuliwa kwa madini hayo, ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliifunga kwa shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekopa rupia 15,000, akizihesabu kuwa pauni 1,000, akajikuta adaiwa pauni 1,500. Florini ikashika nafasi ya rupia kwa muda mfupi, kisha ikaja shilingi.

Mzigo huo ulitafutiwa wa kuubeba. Mwaka 1921 walowezi wa Kenya waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hoja yao ilikuwa hii: mtu wa rupia 6 zamani alipata thamani ya shilingi 8, na kwa kiwango kipya angepata shilingi 12, basi ziada irudi kwa mwajiri. Lakini mfanyakazi hakufanya biashara na London. Yeye alijua tu kwamba kodi imepandishwa hata kufika shilingi 16 na ujira wake wataka kupunguzwa. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyompatia Harry Thuku wafuasi wengi mwaka ule.

Katika vurugu hiyo ilizaliwa Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa London mwezi Desemba 1919. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Benki iliyotaka shilingi Nairobi au Dar es Salaam ililipa pauni London, nayo Bodi ikatoa shilingi za thamani ile ile. Iliyotaka pauni ilirudisha shilingi. Pauni zilizopokewa ziliwekwa zaidi katika hati za serikali ya Uingereza na za makoloni yake. Bodi haikukopesha mkulima, wala mfanyabiashara, wala benki iliyopungukiwa.

Kwa hiyo wingi wa fedha ulifuata mazao. Pamba na kahawa ziliponunuliwa, benki zilileta shilingi. Msimu ulipokwisha, shilingi zikarudi na pauni zikaenda London, ambako kulikuwa na soko la mikopo ya muda mfupi lisilokuwapo hapa. Ukwasi wa Afrika ya Mashariki, yaani ule wepesi wa kupata fedha taslimu pale zinapohitajiwa, ulihifadhiwa ng'ambo. Bei za mazao zilipoanguka katika miaka ya 1930, fedha zilipungua mikononi mwa watu, wala hapakuwa na chombo cha kuzizuia zisipungue.

Sharti kukiri kwamba mpango huu ulikuwa na sifa yake. Shilingi iliaminika kila mahali, na hakuna serikali iliyoweza kuchapa noti ili kulipa madeni yake. Lakini uaminifu huo ulikuwa wa kuazima. Pauni iliposhushwa thamani mwaka 1949, shilingi ilishuka nayo bila nchi hizi kuulizwa. Na mwaka 1960, baada ya mkutano wa Lancaster House juu ya katiba ya Kenya, wenye mali wengi walihamisha fedha zao kwenda ng'ambo. Wakati huo Bodi ilikuwa na ruhusa, tangu mwaka 1955, ya kushika kiasi fulani cha hati za serikali za hapa, na makao yake yakahamishiwa Nairobi mwaka ule ule wa 1960. Hata hivyo haikuwa na uwezo wa kuzuia fedha zisitoke. Mikopo ilikaza nyakati zile zile nchi zilipojiandaa kujitawala.

Matumaini ya benki kuu moja ya nchi tatu hayakutimia. Mwezi Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itakuwa na yake, na mwaka 1966 Benki Kuu za Tanzania, Uganda na Kenya zikafungua milango. Sasa palikuwa na mahali hapa hapa pa kuamua benki ziweke akiba kiasi gani, zikopeshwe kwa riba gani, na msimu wa mazao ugharimiwe vipi. Mtihani ulikuja upesi. Mwezi Novemba 1967 pauni ilishushwa tena kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na shilingi zote tatu zilibaki pale pale. Lililokuwa jambo la kufuata tu mwaka 1949 lilikuwa sasa jambo la kuamua.

Lakini mwenye ufunguo aweza kufungua sanduku kupita kiasi. Katika miaka ya 1980 bei Tanzania zilipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, na mwaka 1987 Uganda ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya. Vita na bei ya mafuta vilichangia, lakini pia serikali zilikopa mno kutoka katika benki walizoziunda wenyewe, na aliyeumia kwanza ni yule mwenye mshahara mdogo, kama ilivyokuwa mwaka 1921. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 1995 iliyoweka utulivu wa bei kuwa lengo kuu haikuirudisha Bodi ya Sarafu. Ilikuwa jaribio la kupata ule uaminifu wa zamani huku ufunguo ukibaki nyumbani.